Mdaiwa Asiyehudhuria Mazishi: Kuarifu Kifo kwa Serikali na Benki katika Tanganyika

Katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, kabla maiti haijasaliwa, msemaji wa familia husimama mbele ya safu na kutangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na wafiwa. Tangazo hili lina mizizi katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ambayo inaagiza kwamba mali ya marehemu itolewe kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Nalo lilitosha kabisa maadamu wadai na wadaiwa wote waliishi mahali ambapo habari ya msiba ingewafikia kwa miguu. Benki ni mdaiwa wa namna nyingine. Akiba iliyowekwa humo ni deni ambalo benki inadaiwa na mteja wake, lakini mdaiwa huyu hasimami kwenye safu, wala hajui kuwa mtu wake amekufa mpaka aletewe karatasi. Historia ya vyeti vya vifo katika Tanganyika huonekana kwa kawaida kama historia ya kuhesabu watu. Inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa kama historia ya kumfuata mdaiwa huyu alipo.

Pengo kati ya msiba wa nyumbani na daftari la mbali lilijidhihirisha kwa ukubwa wa kutisha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pale jeshi la Uingereza lilipokusanya wapagazi wa kubeba mizigo yake dhidi ya Wajerumani katika kikosi cha Carrier Corps, ambacho jina lake, likiwa limelainishwa na ndimi za Waswahili, limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Kwa hesabu rasmi pekee walikufa zaidi ya wapagazi 40,000, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na mishahara yao ilibaki mikononi mwa serikali. Majina yalikuwa yameandikwa na makarani wasiojua lugha za wenye majina, kijiji kikaandikwa kwa jina la chifu au kisiandikwe kabisa, na mwenye jina moja la Juma au Kamau alikuwa mmoja kati ya mamia. Maofisa wa Kenya waliomba kwa miaka kadhaa fedha hizo ambazo hazikuchukuliwa zirejeshwe kwa faida ya jamii zilizowatoa watu hao, na London ikakataa. Hapa mdaiwa alijua fika kwamba mtu wake amekufa. Aliyekosa kujulikana ni mrithi.

Utawala wa Waingereza Tanganyika ulitunga Sheria ya Uandikishaji wa Vizazi na Vifo mwaka 1920, ikaanza kutumika mwaka uliofuata, na kwa muda mrefu ulazima wake uliwahusu Wazungu na Waasia, huku Waafrika wakiachiwa hiari. Mgawanyo huo ulikuwa wa ubaguzi, hakuna haja ya kuupamba, ila ulifuata pia mahali fedha zilipokuwa: mfanyabiashara wa Kihindi mwenye hesabu benki aliachwa chini ya sheria za mirathi zilizoletwa kutoka India, na mali isiyo na mwenyewe wa kuisimamia iliangukia kwa Kabidhi Wasii Mkuu, yaani ofisa wa serikali aliyepewa mamlaka ya kukusanya na kutunza mali za marehemu, ilhali mkulima ambaye utajiri wake wote ulikuwa ng'ombe na migomba alirithiwa mbele ya wazee, na karatasi haikumfaa kitu.

Uhuru uliileta fedha ya taasisi kwa watu wengi zaidi. Shirika la Akiba ya Wafanyakazi lilianzishwa mwaka 1964 na kukata sehemu ya mshahara wa mwajiriwa. Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Mtu aliyefia Kigoma sasa aliweza kuacha akiba Dar es Salaam, na familia yake, ambayo ilikwisha kuwaarifu ndugu kwa tanzia iliyosomwa redioni, iligundua kwamba redio inawaleta watu tu. Fedha haiji kwa kuitwa. Jibu la kisheria likawa kanuni za mwaka 1971 za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 49, ambazo kwa mirathi ya kimila na ya Kiislamu ndizo zilizoushusha utaratibu huu hadi ngazi ya kata na tarafa.

Utaratibu huo huanzia kwenye mkeka. Matanga yakiisha, ukoo hukaa kikao na kumchagua msimamizi wa mirathi, yaani mtu atakayekusanya mali, kulipa madeni na kugawa kilichobaki. Muhtasari wa kikao huandikwa, mara nyingi kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la shule, kwa tarehe, majina ya waliohudhuria na uhusiano wao na marehemu, kisha kila mmoja hutia sahihi au dole gumba. Muhtasari huo, pamoja na cheti cha kifo, ndio hupelekwa mahakamani na kujaziwa Fomu Na. 1 ya kuomba usimamizi; pingamizi zikikosekana, mahakama humteua msimamizi, naye hutakiwa ndani ya miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni. Fedha za benki au za mwajiri mara nyingi hupitia akaunti ya mahakama kabla ya kuwafikia warithi. Inafaa kuzingatiwa kwamba karatasi ambayo benki huiheshimu kuliko zote imezaliwa na karatasi ya mkekani, na kwamba dola ya kisasa, pamoja na mihuri yake, bado humtegemea shangazi kujua watoto wa marehemu ni wangapi.

Mwaka 2006 kazi za Kabidhi Wasii Mkuu zilihamishiwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, unaojulikana zaidi kwa kifupi cha RITA, ambao ndio pia husajili vifo. Sheria inataka kifo kiarifiwe ndani ya siku 30, lakini familia nyingi za vijijini hufanya hivyo pale tu panapokuwa na kitu cha kudai, na hapo ndipo huibuka tatizo ambalo wapagazi wangelitambua: akaunti imeandikwa Mohamed, cheti kimeandikwa Muhamadi, na mjane anatumwa kuapa kwamba wawili hao walikuwa mume mmoja.

Mdaiwa mpya kabisa alifika mwaka 2008, huduma ya M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka mmoja baada ya Kenya, na akiba ikahamia kwenye simu. Kampuni za simu nazo hudai barua ya usimamizi kama benki, lakini simu iko nyumbani, na mara nyingi mtoto mmoja anaijua namba ya siri; salio hutolewa usiku wa kwanza wa msiba kununulia sanda na mchele, na katika kumbukumbu za kampuni aliyetoa fedha hizo ni marehemu mwenyewe.