Mpira na Kitabu Ng'ambo ya Tana

Msomaji kijana, wahenga walisema kuwa mshika mbili moja humponyoka. Neno hilo ni kweli kwa wengi, lakini si kwa wote. Na tulipime kwa historia ya Garissa, mji ulio kando ya Mto Tana, yapata kilomita 370 mashariki ya Nairobi.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Kaskazini Mashariki iliingia katika vita vilivyoitwa vya Shifta, vilivyoendelea hata mwaka 1967. Sheria ya hali ya hatari ilidumu huko mpaka mwaka 1991. Mahali penye hofu shule huwa chache na safari huwa nzito. Kijana wa Garissa aliyetaka shahada ilimlazimu kuvuka Tana na kwenda mbali na kwao, labda Nairobi.

Katika Chuo Kikuu cha Nairobi alisoma mtu ambaye mfano wake wafaa kukumbukwa, J. J. Masiga. Alijifunza uganga wa meno. Na katika miaka ya 1980 alikuwa mshambuliaji wa AFC Leopards na wa timu ya taifa. Tena alicheza raga katika Mean Machine, timu ya chuo. Leopards walitwaa kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, mwaka 1982, 1983 na 1984. Sifa kama hiyo yaweza kumlevya kijana akasahau darasa. Masiga hakusahau. Alihitimu akawa daktari wa meno, na miguu ilipostaafu mikono ilikuwa na kazi.

Garissa nayo ilipata zamu yake. Mwaka 2011 chuo cha ualimu cha hapo kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha Moi. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 wauaji wa Al-Shabaab walikivamia, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Chuo kikafungwa. Januari 2016 kikafunguliwa tena, na mwaka 2017 kikapewa hati ya chuo kikuu kamili.

Basi wewe ushukaye uwanjani baada ya Alasiri, jua likianza kupoa, cheza kwa moyo wote. Mpira hufundisha utii, subira na umoja. Lakini Magharibi ikiadhiniwa, rudi kwenye kitabu. Miaka ya mchezaji ni michache, na goti moja likiumia huweza kuifupisha zaidi. Elimu hudumu hata uzeeni. Tena kumbuka kuwa dawati lililo karibu na kwenu leo wazee wako hawakulipata, na kuna vijana waliouawa wakilitafuta. Mithali ya wahenga haikukatazi kushika mawili. Yakuonya ujue ni lipi usilikubali kuponyoka.