Intaneti ya mwanga: jinsi leza inavyovusha data bila waya

Intaneti inapopungua kasi, wengi wetu huulaumu mnara wa simu ulio karibu. Lakini mnara hauzalishi data. Huipokea kupitia nyaya za faiba zilizofukiwa ardhini, au kwa mawimbi ya redio kutoka mnara mwingine. Njia hiyo ikiwa finyu, watumiaji wote wa mnara hugawana kidogo kilichopo. Katika makala haya tunaeleza njia nyingine: miale ya leza inayopita hewani.

Inavyofanya kazi

Leza ya nusukipitishi ni kifaa kidogo kinachotoa mwanga umeme unapopita ndani yake. Robert Hall, mtafiti wa kampuni ya General Electric ya Marekani, alitengeneza ya kwanza mwaka 1962. Mwanga wake ulikuwa wa infraredi, usioonekana kwa macho, jamii moja na ule wa rimoti ya televisheni.

Mwanga huo hubadilishwa mabilioni ya mara kwa sekunde, na mabadiliko hayo ndiyo hubeba data. Upande wa pili, kipokezi huugeuza kuwa umeme tena. Ndani ya faiba hufanyika kazi hiyohiyo. Hapa hewa imechukua nafasi ya uzi wa kioo. Kwa kuwa mwale ni mwembamba, vioo vidogo hujirekebisha wakati wote ili usikose shabaha hata mnara ukitikiswa na upepo.

Mfano wa Mto Kongo

Brazzaville na Kinshasa zinatazamana, mto ukiwa katikati. Hata hivyo, faiba ililazimika kuzunguka zaidi ya kilomita 400, na gharama ya intaneti upande wa Kinshasa ikapanda. Mwaka 2021, mradi wa Taara wa kampuni ya Alphabet, inayomiliki Google, ulitangaza kuwa umeunganisha miji hiyo kwa leza, umbali wa kilomita 4.8. Kwa mujibu wa mradi huo, karibu terabaiti 700 za data zilivuka mto kwa siku 20, na mawasiliano yalipatikana kwa asilimia 99.9 ya muda huo. Kabla ya hapo, Taara ilikuwa imeanza kazi nchini Kenya pamoja na kampuni ya Liquid. Watengenezaji wanasema vifaa hivyo hupitisha hadi gigabiti 20 kwa sekunde, kwa umbali wa hadi kilomita 20.

Je, ingefaa kwetu Ruvuma?

Faida yake ni wazi kwa mkoa wenye milima, mito na mabonde. Hakuna mtaro wa kuchimba wala daraja la kusubiri, na kifaa hufungwa kwa muda mfupi.

Lakini kuna masharti. Kwanza, pande mbili lazima zionane. Kilima kama vile vya Matogoro kikikaa katikati, mwale haupiti. Kifaa kingine kitahitajika juu ya kilima. Pili, umbali. Kutoka Songea mjini hadi Peramiho ni zaidi ya kilomita 20, hivyo ingebidi kuweka kituo cha kati. Tatu, umeme wa uhakika kila kilipofungwa kifaa.

Sharti gumu zaidi ni ukungu. Matone yake madogo hutawanya mwanga wa infraredi kuliko hata mvua ya kawaida. Asubuhi ya ukungu mzito, kiungo kinaweza kukatika kabisa. Ndiyo maana wataalamu huweka mawimbi ya redio kama akiba: kasi hupungua, lakini mawasiliano hayafi.

Tusisahau pia kuwa leza haifiki kwenye simu ya mkononi. Huunganisha mnara na mnara, au jengo na jengo. Mtumiaji bado anahitaji mnara wa simu au Wi-Fi. Kwa hiyo haiji kuiondoa faiba. Huanzia pale faiba ilipoishia. Kwa zahanati au shule iliyo ng'ambo ya bonde, kipande hicho kifupi kilichobaki ndicho kinachoamua kama intaneti itafika au haitafika.