Profesa aliyeigeuza kamera

Kwa miaka mingi katika historia ya sinema, Mwafrika alikuwa mtu wa kutazamwa. Mwenye kutazama na kueleza alitoka mbali. Leo tumkumbuke msomi mmoja aliyeitumia elimu yake kuugeuza mpango huo.

Manthia Diawara alizaliwa Bamako, Mali, mwaka 1953, na sehemu ya utoto wake aliiishi Guinea. Alisoma Ufaransa, kisha akavuka kwenda Marekani, akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1985. Baadaye akawa profesa wa fasihi linganishi na sinema katika Chuo Kikuu cha New York.

Mwaka 1992 alitoa kitabu African Cinema: Politics and Culture. Hakuhesabu filamu tu. Aliuliza: nani alilipa? Nani alizisambaza? Majumba ya sinema yalikuwa mali ya nani? Nchi yetu pia imo katika kitabu hicho, na hapo swali linatugusa sisi wana wa misioni. Utawala wa Wabelgiji uliona kwamba Mkongomani hajakomaa kutazama filamu za Mzungu. Basi mapadre walimtengenezea za kwake. Huko Kasai, Padre Albert Van Haelst aliwapa watu Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba, wakacheka sana. Kicheko kilikuwa cha kweli. Lakini somo liliandikwa na mwingine.

Mwaka 1995 Diawara alitoa filamu Rouch in Reverse. Jean Rouch, Mfaransa, alikuwa amewapiga picha watu wa Afrika Magharibi kwa miaka mingi. Safari hii Mwafrika ndiye aliyeshika kamera, akamfuata mzee huyo Paris na kumhoji. Hakumtukana, alimheshimu, na bado akamwuliza.

Hapo ndipo tunapojifunza. Wengine wetu hudhani kwamba kuwashukuru waliotuletea shule na Injili ni kunyamaza juu ya makosa yao. Wengine hudhani kwamba kusema ukweli ni kusahau wema. Profesa huyu ameonyesha njia ya tatu. Sisi walimu tuwaonyeshe vijana picha za kale za misioni zetu, kisha tuwaulize: ni nani aliyeshika kamera, na ni nani ambaye hakuulizwa neno? Shukrani isiyoogopa swali ndiyo shukrani ya mtu mzima.