Mzee Ana Miaka Mingapi? Historia ya Pensheni ya Wazee Maskini

Kila tukizungumza hapa kuhusu mgao kupungua, tunataja watoto, akina mama wajawazito, na sisi wenyewe tusio na kazi. Wazee tunawataja mwisho, kama tutawataja. Ndiyo maana leo nimeamua kuandika historia yao. Nani alianza kusema mzee maskini apewe pesa na serikali? Na kwa nini wazee wengine walipewa, wengine wakaachwa?

Niseme mapema nilichoelewa mimi. Kila mahali ugomvi haukuwa wa pesa peke yake. Ulikuwa ugomvi wa mstari: nani ni mzee, nani ana karatasi, na nani ni wetu. Wazee wetu sisi wakimbizi wako nje ya huo mstari, kwa hiyo historia hii inatuhusu.

Zamani, karibu kila nchi, pensheni ya mzee ilikuwa watoto wake na shamba lake. Sisi tunaijua hiyo vizuri. Lakini watoto wakifa, au vita ikiwatawanya, au na wao wakiwa maskini, mzee anabaki na nani? Kule Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1834, jibu lilikuwa nyumba za kazi. Maskini asiyejiweza aliingia humo, akavaa nguo za sare, mume akalala upande wake na mke upande wake. Maisha ya ndani yalifanywa magumu kwa makusudi, ili watu waogope kuomba. Wazee wengi waliona heri njaa kuliko kuingia kule.

Viongozi wa wakati huo waliamini umaskini ni kosa la mtu mwenyewe: mvivu, mlevi, hakuweka akiba. Mfanyabiashara mmoja, Charles Booth, alianza miaka ya 1880 kuchunguza maisha ya maskini wa London, mtaa kwa mtaa. Alichokuta kilibadilisha mazungumzo. Wengi waliokuwa wanaishi kwa msaada hawakuwa wavivu hata kidogo. Walikuwa wazee tu. Walifanya kazi maisha yao yote kwa mshahara usiobakiza kitu, halafu nguvu zikaisha.

Ujerumani ilikuwa imeshika njia yake mwaka 1889, wakati wa Bismarck. Mfanyakazi anakatwa kidogo kwenye mshahara, mwajiri anaongeza, serikali inaongeza, na akifika miaka 70 analipwa. Ni njia nzuri kwa mwenye mshahara. Mifuko ya pensheni ya Kongo na Burundi inafanana na hiyo: aliyekatwa ndiye anayelipwa. Sasa mkulima wa Fizi alikatwa wapi? Mvuvi wa Ziwa Tanganyika, mama aliyeuza ndizi sokoni Uvira miaka 40, nani alimpa karatasi ya mshahara? Mfumo ule haukuwafikiria kabisa.

Njia ya pili ni pensheni ya kodi. Hakuna kuchangia kwanza, ukifika umri serikali inakulipa. Denmark ilianza mwaka 1891, New Zealand 1898, na Uingereza ikapitisha sheria yake mwaka 1908, Lloyd George akiwa waziri wa fedha. Tarehe 1 Januari 1909 wazee karibu nusu milioni walianza kupokea. Kiwango cha juu kilikuwa shilingi 5 kwa wiki, kwa mtu wa miaka 70 na zaidi mwenye kipato kidogo. Hazikutosha kuishi vizuri. Lakini zililipwa posta, sio kwenye ofisi za maskini. Mzee aliingia posta kama raia mwingine yeyote, akatoka na pesa yake, akarudi kwake. Hiyo heshima ilikuwa na thamani kubwa, na naomba wafanyakazi wa mashirika wanaotusoma waikumbuke.

Tuseme ukweli lakini, sheria hiyo iliacha watu wengi. Aliyepokea msaada wa maskini kuanzia mwanzo wa mwaka 1908 hakuruhusiwa mpaka mwisho wa mwaka 1910. Yaani maskini kuliko wote ndio walioambiwa wasubiri! Tena ulitakiwa uwe raia, na uwe umeishi nchini miaka 20. Mgeni, hata kama alishona nguo za Waingereza maisha yake yote, hakupata kitu. Sheria za wakati huo zilimhesabu hata mwanamke Mwingereza aliyeolewa na mgeni kuwa mgeni pia. Kuna mstari wenu huo.

Sasa tuje kwenye sehemu iliyonigusa zaidi, yaani Ireland. Wakati ule Ireland ilikuwa chini ya Uingereza, kwa hiyo wazee wake nao walistahili pensheni. Shida ilikuwa moja: kule, kuandikisha vizazi serikalini kulianza mwaka 1864. Mtu wa miaka 70 mwaka 1909 alizaliwa kabla ya hapo, kwa hiyo hakuwa na cheti. Mzee anakuja, mgongo umepinda, meno yameisha, anaambiwa thibitisha. Atathibitisha na nini?

Wakatumia njia mbili. Ya kwanza ilikuwa vitabu vya sensa za mwaka 1841 na 1851 vilivyohifadhiwa Dublin. Mzee anataja wazazi wake na kijiji, karani anatafuta jina la mtoto kwenye kitabu. Njia ya pili ilikuwa kumbukumbu. Usiku wa tarehe 6 Januari 1839 upepo mkali sana ulipiga Ireland, ukang'oa mapaa na kuua watu, na wenyeji wakauita Upepo Mkubwa. Kwa hiyo mzee aliulizwa: unaukumbuka ule upepo? Kama anaukumbuka, basi amepita 70.

Bila shaka wengine walidanganya. Walioomba Ireland walikuwa wengi kuliko serikali ilivyotarajia, na ukilinganisha sensa ya 1901 na ya 1911 utakuta watu waliozeeka zaidi ya miaka 10 ndani ya miaka 10. Watu wanacheka hiyo mpaka leo. Lakini hata kama wapo waliodanganya, walikuwepo pia wazee wa kweli wasiokuwa na njia nyingine ya kusema umri wao. Halafu mwaka 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu kule Dublin likaungua, na sehemu kubwa ya vile vitabu vya sensa ikateketea. Fomu za wale wazee walioomba kutafutiwa umri zilibaki, na leo wanaotafuta mababu zao wanazisoma. Karatasi za kuombea shilingi 5 zimekuwa kumbukumbu za familia.

Huku kwetu si ni vilevile? Muulize bibi au koko alizaliwa lini. Atakwambia wakati wa Mulele, au kabla ya uhuru, au mwaka ule ziwa lilipopanda. Warundi watakwambia kabla ya 1972 au baada. Hizo zote ni tarehe, ila sio za kalenda. Halafu angalia kadi zetu za kambi: wangapi tumezaliwa tarehe 1 Januari? Tunataniana kwamba kambi nzima tutafanya sherehe siku moja. Kwa kijana ni utani. Lakini kwa mzee ambaye mwaka wake ulikisiwa haraka siku ya kuandikishwa, karani akaandika 1962 badala ya 1952, hiyo miaka 10 inaweza kumweka nje ya kila orodha ya wazee. Na mtu anayekumbuka vizuri sherehe za uhuru wa Kongo mwaka 1960, leo yuko kama miaka 70 au ameshapita. Huo ndio Upepo Mkubwa wetu.

Tuje Afrika. Afrika Kusini ilipitisha sheria ya pensheni ya wazee mwaka 1928, inayolipwa na serikali. Ilikuwa kwa wazungu na machotara peke yao. Mwafrika hakuwemo, na sababu waliyotoa ni kwamba Waafrika wanatunzwa na ukoo wao kijijini. Sikilizeni vizuri hoja hiyo, kwa sababu hata leo inasemwa kuhusu wazee wetu: "Afrika familia inatunza." Inasemwa kwa sifa, lakini kazi yake mara nyingi ni kumfungia mtu mlango. Mwaka 1944 Waafrika waliingizwa, kwa kiwango kidogo sana kuliko cha wazungu. Viwango vilikuja kuwa sawa mwaka 1993 tu.

Baada ya hapo wataalamu walichunguza ile pesa inaenda wapi. Esther Duflo, aliyekuja kupata tuzo ya Nobel ya uchumi, alikuta kwamba pensheni ikipokelewa na bibi, afya ya wajukuu wa kike anaoishi nao inakuwa bora. Sisi hatushangai. Kambini ni bibi wangapi wanalea wajukuu ambao wazazi wao wamekufa au hawajulikani walipo? Kumbe ukimpa mzee umempa na mtoto.

Wengine watasema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Lesotho sio tajiri, na mwaka 2004 ilianza kulipa raia wake wa miaka 70 na zaidi kwa pesa za serikali yenyewe. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwezi wa Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa mwenye miaka 70, awe alifanya kazi ya mshahara au hapana. Kenya ilikuwa na mpango mdogo wa wazee maskini, na mwaka 2018 ikaufungua kwa wote wa miaka 70 chini ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Uganda ilianza na wilaya chache. Ilipofikisha mpango nchi nzima, umri ukawekwa miaka 80. Na hapo tena karatasi ikasumbua: wazee wa Uganda wasio na kitambulisho cha taifa, au ambao umri wao uliandikwa vibaya, walikosa pesa, mpaka mashirika ya haki yakaenda mahakamani mwaka 2022. Ireland ya 1909 imerudi, na safari hii ina kompyuta.

Na mkimbizi je? Mkataba wa 1951, ibara ya 23 na 24, unasema mkimbizi anayekaa nchini kihalali atendewe kama raia kwenye misaada ya serikali na kwenye hifadhi ya jamii, na uzee umetajwa kabisa. Lakini ibara ya 24 imeacha mlango: mafao yanayolipwa yote kwa pesa za serikali, nchi inaweza kuyawekea masharti yake. Mipango ya jirani zetu niliyoitaja hapo juu ilijengwa kwa ajili ya raia. Mzee wetu anabaki katikati. Nyumbani hakukatwa mshahara, huku sio raia, na mgao ambao ndio ulikuwa pensheni yake unazidi kupungua.

Ila mstari unasogea. Ile Afrika Kusini iliyomkataa Mwafrika kwa rangi yake, leo sheria yake inamruhusu hata mkimbizi aliyetambuliwa, akifika miaka 60 na akiwa na kipato kidogo, kuomba pesa ya wazee. Haikuja yenyewe, watu walidai. Sisemi wazee wa Kikongo na Kirundi kule hawasumbuliwi na foleni na karatasi. Nasema sheria imewataja, na hapo ndipo mtu anaanzia kudai.

Sasa sisi tufanye nini? Serikali hatuwezi kuibadilisha wiki hii. Lakini kuna kazi ndogo tunayoiweza. Kila mmoja amsomee mzee wa jirani yake kile kilichoandikwa kwenye kadi yake, hasa mwaka wa kuzaliwa. Kama sio sawa, akae naye aandike matukio: alikuwa na umri gani wakati wa uhuru, aliolewa kabla ya vita gani, mtoto wa kwanza alizaliwa lini, na nani anaweza kushuhudia. Amsindikize kwenye dawati la uandikishaji aombe kurekebishiwa. Msimwongezee miaka, uongo mmoja utawafungia mlango wazee kumi. Na nyie mnaoandikisha, tunaomba mumpe mzee dakika tano zaidi kabla ya kuandika 1 Januari.

Katika kambi kadhaa watu sasa wanapangwa kwa makundi ili mgao uende kwa wenye shida zaidi. Umri ulioandikwa unaweza kuamua mzee wako anaangukia kundi gani. Kwenye maoni hapo chini, andikeni tukio ambalo wazee wa kwenu wanalitumia kuhesabu miaka. Tukiyakusanya tutakuwa na orodha ya kupeleka kwa wanaoandikisha.