Kipupwe cha Newala: msimu wa ngoma na mgeni aliyekuja na kamera

Shoga zangu, kila baridi ya ughaibuni inapokaribia kuisha, simu zetu hujaa picha za sikukuu za Japani. Iliyopendwa zaidi humu ni Hinamatsuri ya tarehe 3 Machi, sikukuu ya watoto wa kike, ambapo wanasesere waliovishwa kama watu wa kasri hupangwa kwenye ngazi zenye kitambaa chekundu. Mgeni yeyote anaweza kwenda kutazama, akapiga picha, akala vitamu. Baadhi yenu mmeniuliza kama sisi huku hatuna msimu wetu wa baridi wenye sherehe za mabinti. Tunao. Tena wa zamani, ila mlango wake haufunguliwi kwa kila mtu, na historia ya huo mlango ndiyo ninayotaka tuizungumze leo.

Baridi yetu ni kipupwe, Juni mpaka Agosti, kusi likivuma. Visiwani tunajitanda kanga ya pili na basi. Lakini panda juu ya uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, ufike Newala, utatafuta sweta. Mji umekaa ukingoni kabisa mwa uwanda. Simama pale panapoitwa Shimo la Mungu, ardhi inakatika mbele ya miguu yako na bonde linashuka kuelekea mto Ruvuma na Msumbiji. Asubuhi ukungu unajaa humo kama maziwa kwenye bakuli. Masasi iko chini, upande wa magharibi, kati ya majabali makubwa yaliyochomoza peke yake.

Wakati huo mavuno yameshaingia ghalani na mikorosho inatoa maua, lakini korosho zenyewe bado. Chakula kipo, kazi imepungua. Ndiyo sababu ngoma zinawekwa hapo. Harusi, jando, unyago, kuwatoa wali: vyote vinahitaji unga wa kulisha watu siku nyingi, na unga unapatikana baada ya mavuno. Hii ndiyo kalenda iliyoendesha mambo kabla ya kalenda ya ukutani.

Sasa tumwangalie mgeni mmoja. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alitumwa kuchunguza mila za watu wa koloni. Alikusudiwa kwenda Kondoa Irangi, lakini akaelekezwa kusini. Akashukia Lindi, akatembea kwa miguu na wapagazi wake hadi Masasi, kisha akapanda Newala. Fikirini hali aliyoikuta. Mwaka mmoja nyuma, 1905, wapiganaji wa Majimaji waliichoma misheni ya Masasi. Kusini kote kulikuwa na njaa na makaburi mapya. Hata hivyo ngoma zilichezwa. Wavulana walitahiriwa, wasichana wakachezwa, mapiko wakatoka na vinyago vyao usoni.

Mimi hapo huwa nasimama kidogo. Watu wametoka vitani, na bado mama anataka bintiye achezwe kama alivyochezwa yeye. Tusiite ujinga. Anayemfunda binti anaamini kesho ipo.

Weule alibeba kamera, mashine ya picha zinazotembea, na fonografu ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Karibu na Newala alishuhudia sherehe ya wasichana, ile ambayo Wamakonde wanaiita chiputu, akapiga picha na kuandika. Kitabu chake kikachapishwa Ujerumani mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza ya Alice Werner ikafuata 1909. Mitungi ya sauti ikawekwa Berlin, picha zikabaki Leipzig.

Namlaumu na kumshukuru kwa pamoja. Bila yeye tusingekuwa na sauti za mwaka ule. Lakini alikuwa mwanamume, mgeni, tena wa serikali iliyokuwa imetoka kuua watu wale wale. Mwanamke gani angeweza kumwambia, baba, toka hapa, hili si lako? Unyago una sehemu mbili, ya uwanjani na ya ndani. Ya uwanjani kila mtu huiona: ngoma ndogo zenye mguu mmoja uliochongoka, unaochomekwa ardhini, vigelegele, wali waliopakwa mafuta na kuvishwa nguo mpya. Ya ndani ni ya makungwi na wali wao, na ndiyo shule yenyewe. Kamera ya Weule ilisimama uwanjani, naye akadhani ameona kitu chote.

Mapiko nao walikuwa na siri yao, safari hii ya wanaume. Mchezaji huvaa kinyago cha mti na kufunikwa mwili mzima, na wanawake walitakiwa kuamini kwamba si mtu bali kitu kilichotoka kwa wafu. (Bibi zetu hawakuwa wajinga. Nani hajui mwendo wa mumewe?) Siku hizi lipiko hucheza hadharani mchana kweupe, watoto wakimkimbiza.

Na hapa ndipo sisi wa visiwani tunapoingia. Masasi ya misheni ilizaliwa Unguja. Mwishoni mwa mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka na watu waliokombolewa utumwani, wengi asili yao bara ya kusini, akawapeleka na kuwaweka Masasi. Mabinti waliosomeshwa Mbweni, nje kidogo ya mji wetu, waliolewa na walimu waliotoka Kiungani, wakahamia huko. Wakafika na Kiswahili cha Unguja, ushoni na sala, wakakuta majirani wanawauliza swali moja: umechezwa? Asiyechezwa, hata awe na watoto watano, alihesabiwa mtoto.

Vincent Lucas, askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, akaona kupiga marufuku hakusaidii. Akajenga jando la Kikristo, sala zikachukua nafasi ya matambiko. Masheikh nao, upande wao, walikuwa na jando lenye dua, na Uislamu ulienea sana kusini baada ya Majimaji. Kwa wavulana mambo yakaenda. Kwa wasichana yakawa magumu, maana padri hawezi kuingia ndani, na sheikh vilevile. Chumba kilibaki cha wanawake, na dini zote mbili zikalazimika kubisha hodi kwa kungwi.

Kitu hicho hicho kilivuka bahari kuja kwetu. Wanawake waliotekwa bara wakaletwa Unguja walikuja na unyago wao, na baadaye hata mabinti wa nyumba za waungwana wakachezwa humo. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini mitaani alikuwa kungwi, na msondo ulikuwa kiungo cha mwili wake.

Leo ugomvi mkubwa kule Mtwara ni umri na shule. Wazazi wanawacheza mabinti wadogo, hata kabla ya kuvunja ungo, ili sherehe iishe mara moja na gharama zipungue. Mafundo ya mwanamke mzima yanamwagwa kwenye masikio ya mtoto. Viongozi wamekuwa wakihimiza sherehe zifanyike likizo, basi likizo ya Juni imechukua kazi iliyofanywa zamani na ghala. Mimi naona kuhamisha tarehe ni rahisi. Kuwarudisha makungwi kwenye utaratibu wa kumngoja binti akue ndiyo kazi, na hakuna anayeweza kuifanya isipokuwa makungwi wenyewe.

Kwa atakayesafiri: nenda mwishoni mwa kipupwe, beba shali na viatu vya kufunika. Ukisikia ngoma jioni, muulize mwenyeji kabla ya kusogea. Ukikaribishwa uwanjani, peleka kanga ya kumtunza mwali, piga vigelegele, cheza ukiweza. Simu iache kwenye mkoba. Na wakianza kuingia ndani, wewe rudi kwa mwenyeji wako ukale ugali wa muhogo na mbaazi.