Mtoro wa Darasa la Nne

Mwaka 1978 yalitokea mambo mawili ambayo sikuwahi kuyaweka pamoja mpaka nilipoanza tasnifu yangu. Makazi ya Mishamo yalifunguliwa katika misitu ya Mpanda kwa wakimbizi waliotoka Burundi tangu 1972. Mwaka huohuo ikapita Sheria ya Elimu Namba 25, iliyomtaka mzazi aandikishe mtoto shule na ahakikishe anahudhuria. Babu na bibi yangu walishushwa kwenye lori mahali palipokuwa na miti tu. Baadaye shule ikajengwa, na pamoja nayo likaja daftari la mahudhurio.

Mdogo wangu ana sikoseli, au seli mundu kama wanavyoiandika hospitalini. Alipokuwa darasa la nne, mifupa ilimuuma siku tatu, akapata nafuu wiki moja, maumivu yakarudi. Asubuhi moja mama aliitwa shuleni akaonyeshwa mstari wenye jina la mwanawe: utoro, utoro, utoro. Akasema mtoto alikuwa kitandani. Akaulizwa cheti. Alichokuwa nacho ni kikaratasi cha zahanati kilichosema malaria, kama vilivyosema vyote vya kabla yake, na mwalimu akamwambia malaria haimwangushi mtu mara tano kwa muhula.

Mwalimu hakukosea sana hapo. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha, kwa utafiti aliofanya Afrika Mashariki, kwamba aliyerithi jini moja la seli mundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu ugonjwa huu umeenea palepale penye mbu, na anayerithi majini mawili ndiye anayeumia. Inakadiriwa watoto 11,000 hivi huzaliwa nao Tanzania kila mwaka. Mahali kama Mishamo, homa yake hujificha nyuma ya homa ambayo kila mtu anaijua.

Nimejiuliza ni mtoto mgonjwa yupi, katika historia yetu, aliyewahi kufuatwa na mwalimu. Jibu la zamani nililolipata liko Kumi, mashariki mwa Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wamisionari wa Church Missionary Society walifungua huko makao ya watoto wenye ukoma. Walichomwa sindano za mafuta ya hydnocarpus, dawa chungu isiyotibu vya kutosha, lakini pia walisoma, walilima, walicheza. Shule ilikuwepo kwa sababu watoto walikuwa wametengwa na mama zao, wengine kwa miaka.

Jibu la karibu liko Muhimbili. Huduma ya saratani ya watoto ilihamia huko kutoka Ocean Road mwaka 2011, na shirika la Tumaini la Maisha limewawekea watoto masomo wakati wa matibabu, maana tiba huwashikilia kwa miezi. Kutoka kwetu ni kufika kwanza Mpanda mjini, kisha treni hadi Tabora, kisha Dar es Salaam: zaidi ya kilomita elfu moja.

Mwalimu, basi, amefuata magonjwa yanayomfungia mtoto mahali pamoja. Mdogo wangu aliumwa kwa vipande, nyumbani. Kwa wodi alikuwa mzima mno, kwa darasa alikuwa mtoro. Liisa Malkki alipofanya utafiti Mishamo mwaka 1985 na 1986, alikuta watu wanaosimulia historia yao kwa kirefu: mauaji, kukimbia, taifa. Nakipenda kitabu chake. Ila wazee wetu hawakusimulia siku za kawaida za kukosa, na mimi pia nisingeziona kama si mstari ule daftarini.

Jioni nilikuwa namnakilia masomo kwa mwanga wa koroboi. Hesabu nilimwandikia majibu bila njia, kwa uvivu, na hilo linaniuma kuliko utoro wote walioandika. Aliachia darasa la sita.

Sasa anatengeneza simu Mpanda. Likizo iliyopita nilimsimulia habari za Kumi. Alisikiliza huku akifungua skrubu.

"Kwa hiyo walipewa mwalimu kwa kuwa hawakuruhusiwa kwenda kwao?"

Nikamwambia ni kama hivyo.

"Basi mimi nilipata mama," akasema, akaniomba nimshikie tochi.