Mwandishi Aliyenyamaza

Katika mwaka 1968 Yambo Ouologuem, kijana wa Mali aliyekuwa akisoma Paris, alitoa riwaya ya Le Devoir de violence, akapata tuzo ya Renaudot. Hapana Mwafrika aliyeipata kabla yake. Kisha yakaonekana humo maneno ya André Schwarz-Bart, na mwaka 1972 gazeti moja la fasihi la London likaonyesha na ya Graham Greene. Sifa ikageuka tuhuma ya wizi. Alirejea kwao, akaishi Sévaré katika ibada, mzito wa kuzungumza juu ya vitabu, hata alipofariki mwaka 2017.

Mohamed Mbougar Sarr wa Senegali alimtunukia riwaya iliyopata tuzo ya Goncourt mwaka 2021. Mwandishi wake wa kubuni, T. C. Elimane, anatoa kitabu mwaka 1938. Badiliko hili lina uzito: anahukumiwa na wahakiki wa Paris, Senegali ingali koloni. Lakini Elimane huyo hutangatanga hata Argentina, na hapo, kwa maoni yangu, historia yapungua. Ouologuem alichagua dini.

Msomaji wa Mbulu au Hanang anacho kipimo kingine. Mzee wa Kiiraqw atoapo slufay, dua ndefu ya kishairi, hutumia mafungu ya maneno aliyoyarithi, na wasikilizaji humwitikia. Hapana amwitaye mwizi, kwa kuwa wote wajua maneno yale yametoka wapi. Wasomaji wa Paris hawakuambiwa. Ingawa Ouologuem alishikilia kwamba alama za kunukuu zilikuwamo katika mswada wake, zikaondolewa na wachapishaji.